Ugonjwa ni Mmoja: Mbona Mmoja Anapona na Mwingine Anazidiwa?

Gripu inaingia katika nyumba moja. Watoto watatu wanakohoa siku chache, kisha wanarudi kucheza. Wa nne anashindwa kupumua, anapelekwa hospitali. Walikula chakula kimoja na kulala pamoja. Mara watu wanaanza kuuliza: Nani amemloga? Siku moja swali hilo litamfikia padri pia, karibu na kitanda cha mgonjwa au karibu na kaburi. Basi ni vizuri tujue sehemu ya jibu ambayo wataalamu wamekwisha kuipata.

Kwanza tuone namna mwili unavyojikinga. Mwili wetu umejengwa kwa selule, ndivyo vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Virusi haiwezi kuzaana peke yake: sharti iingie katika selule na kuitumikisha. Askari wa damu waliofundishwa kupigana na virusi ile moja wanahitaji siku nyingi kujitayarisha. Je, wakati wa kuwangojea, nani analinda?

Mwaka 1957, kule London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walitwaa utando wa ndani wa mayai ya kuku, wakautia virusi ya gripu iliyouawa kwa moto. Baadaye walipoutia virusi iliyo hai, haikuweza kuzaana vema. Selule zilikuwa zimetoa kitu cha kuizuia. Walikiita interferoni.

Tufananishe na kijiji kinachovamiwa usiku. Mlinzi anamwona adui. Anamwamsha mjumbe, mjumbe anamwamsha mpiga ngoma. Majirani wanasikia ngoma, wanafunga milango. Interferoni ni sauti ya ngoma ile. Lakini mmoja akikosekana, mlinzi, mjumbe, mpiga ngoma au sikio la jirani, adui anaingia nyumba baada ya nyumba na watu wamelala.

Kila mmoja wa watumishi hao anatengenezwa kwa kufuata agizo lililoandikwa ndani ya selule. Agizo hilo linaitwa jeni. Karibu kila jeni tunayo mara mbili: moja ya baba, moja ya mama. Maandiko hayo hayafanani kabisa kwa watu wote, na pengine yana kasoro.

Tutoe mfano wa kweli. Mwaka 2011, kule Ufaransa, mtoto mwanamke wa miaka miwili na nusu, aliyekuwa mzima, alishikwa na gripu, na mapafu yake yakaharibika hata akakaribia kufa. Alipona. Jean-Laurent Casanova na wenzake walisoma jeni zake, na mwaka 2015 walitangaza walichokiona: jeni inayoitwa IRF7, ndiye mjumbe wetu, ilikuwa na kasoro mara mbili. Selule zake zilitoa interferoni kidogo sana. Baba alikuwa na jeni moja nzima na moja yenye kasoro, mama vilevile. Kwao jeni moja nzima ilitosha, wala hawakujua neno. Katika ndoa ya namna hiyo, kwa kila mtoto kuna nafasi moja katika nne ya kurithi kasoro pande zote mbili.

Ugonjwa wa Covid-19 ulionyesha mambo hayohayo. Mwaka 2020 wataalamu walichunguza wagonjwa 659 waliozidiwa sana, wakakuta 23 wenye kasoro katika jeni za njia hii ya interferoni. Katika wagonjwa 987 waliozidiwa, 101 walikuwa na jeshi la damu lililokosea: lilishika interferoni yao wenyewe na kuizima. Ni kama ngoma inapigwa, lakini mtu wa kijiji anaifunika kwa blanketi.

Tusizidishe lakini. Jeni hazielezi kila kifo. Uzee, njaa, magonjwa mengine na kuchelewa kufika kwa mganga vina nguvu yao. Lakini jamaa ikiwa imekwisha kupoteza mtoto kwa gripu, au mtoto mmoja alizidiwa mahali wengine walipona, inafaa kumwambia mganga mapema, ili awaangalie ndugu zake kwa uangalifu.

Na sisi tutunze maneno yetu. Kasoro ya jeni si kosa. Mama hakuitaka, baba hakuichagua, babu hakuilaani, wala jirani hakuituma. Yule bibi mzee anayefukuzwa kijijini kwa sababu mjukuu amekufa, anafukuzwa bure. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, wafuasi wanamwuliza Bwana Yezu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi? Bwana anakataa yote mawili. Padri atakayejibu vilevile karibu na kaburi, kwa upole na kwa maarifa, hatawaondolea wazazi machozi. Lakini huenda atamwokoa yule bibi mzee.