Kodi ya kaboni na safari ya mzigo Kibaha na Kisarawe

Kodi ya kaboni hutozwa kwa kila tani ya hewa ukaa inayotokana na mafuta. Afrika Kusini iliianza Juni 2019. Tanzania hutoza mafuta kwa ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara, ambazo hupandisha bei ya dizeli bila kupima hewa ukaa.

Lita moja ya dizeli hutoa takribani kilo 2.7 za hewa hiyo. Kodi ikiwa shilingi 50,000 kwa tani, bei ya kila lita itaongezeka kwa shilingi 135. Lori linalochoma lita 100 litalipa 13,500 zaidi. Nyongeza hiyo humfanya mwenye mzigo alinganishe lori na treni.

Kibaha ulinganisho huo una maana, kwa kuwa bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa Julai 2025, imeunganishwa na reli. Kontena likifika Kwala kwa treni, lori moja hupungua katika foleni ya Barabara ya Morogoro.

Katika vijiji vya Kisarawe hali ni tofauti. Mihogo na korosho hutoka shambani kwa bodaboda na Fuso. Pasipo njia mbadala, kodi haibadilishi usafiri. Hupunguza tu kipato cha mkulima au kupandisha bei sokoni.

Kwa hiyo ustawi wa wananchi hutegemea matumizi ya mapato ya kodi hiyo: kukarabati barabara za vijijini, kupunguza kodi nyingine au kusaidia kaya maskini.