Wachimba makaburi wa hip hop: Nyuma ya jeneza kuna nini?

WAZAZI wengi ninaokutana nao mpakani huniuliza swali moja: kwa nini vijana wao wanapenda hip hop ya majeneza, mashetani na damu? Kwa sisi tuliorudi kutoka ukimbizini swali hilo ni zito, maana wengi tumeona maiti za kweli, si za kwenye sinema.

Muziki huo ulianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1988, DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince, yaani Will Smith, walitoa wimbo wa kumtania Freddy Krueger, muuaji wa sinema mwenye visu vidoleni. Wengine walifuata wakiwa wakali zaidi, wakiwemo Geto Boys wa Houston.

Lakini kundi linalonifikirisha kuliko yote ni Gravediggaz la New York. Jina lao maana yake ni wachimba makaburi. Walikuwa wanne: RZA, Prince Paul, Frukwan na Poetic. Wote walishapitia kampuni ya muziki ya Tommy Boy na mambo hayakuwaendea vizuri. Badala ya kukaa wakilalamika, waliugeuza uchungu huo kuwa mzaha wa makaburini, na mwaka 1994 wakatoa albamu ya "6 Feet Deep". Walieleza kwamba wanaowachimbia makaburi ni watu waliokufa kifikra.

Poetic alijiita The Grym Reaper, yaani yule kiumbe wa mifupa ambaye Wazungu humchora kuwa ndiye kifo. Baadaye kifo kikamjia kweli. Aliugua saratani ya utumbo mpana, akaendelea kurekodi albamu yao ya tatu akiwa mgonjwa, hadi alipofariki dunia Julai 2001. Hapo mzaha ulikwisha, akabaki mtu anayepigania uhai wake kwa kipaza sauti.

Sisemi kila wimbo wa damu unafaa kupigwa nyumbani. Zipo nyimbo zinazoshangilia ukatili, hasa dhidi ya wanawake, na mzazi ana haki ya kuzikataa. Ila muuza mitumba hapangi bei kabla ya kufungua belo. Kaa na kijana wako, msikilize wote wawili, kisha mwulize anasikia nini humo. Huenda naye ana maiti wake ambao hajapata pa kuwazika.