Haki ya Mtahiniwa Kuchagua Swali katika Karatasi ya Fasihi

Tunapozungumzia haki za mwanafunzi, aghalabu huwaza karo na kiboko. Si vibaya. Katiba ya 2010 inaitambua elimu kuwa haki, nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Hata hivyo, ipo haki moja ambayo sisi walimu wa Kiswahili huivunja darasani bila kushika kiboko: haki ya mtahiniwa kujichagulia swali.

Tuitazame Karatasi ya Tatu (102/3) ya KCSE. Mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja kwa muda wa saa mbili na nusu. Swali la kwanza ni la lazima. Matatu yaliyosalia huyachagua katika sehemu nne nyingine, wala haruhusiwi kujibu mawili kutoka sehemu moja. Tanzu ni tano: tamthilia (Bembea ya Maisha), riwaya (Nguu za Jadi), hadithi fupi (Mapambazuko ya Machweo), ushairi na fasihi simulizi. Utanzu wa lazima hubadilika, na hakuna ajuaye mapema.

Sasa mwalimu huona muhula umekwisha, akaamua kuuacha ushairi. Husema, "Ushairi ni mgumu, mtajibu mengine." Ushairi ukiwa wa lazima, alama 20 zimekwenda. Usipokuwa wa lazima, mtahiniwa ana sehemu tatu za kujibia maswali matatu. Hachagui tena, anaokota. Akiachiwa tanzu mbili bila kufunzwa, hali ni mbaya zaidi. Ikiwa mojawapo ni ya lazima, amepoteza swali hilo. Ikiwa zote mbili si za lazima, amebaki na sehemu mbili pekee na anatakiwa ajibu maswali matatu. Vyovyote iwavyo, anashindania alama 60 badala ya 80 kabla hajaandika jina lake.

Nakiri kwamba miaka yangu ya kwanza ya kufundisha hapa Oyugis nilifanya hivyo hivyo. Niliusukuma ushairi hadi Kidato cha Nne, kisha nikaupitia kwa wiki mbili. Msichana mmoja, ambaye insha zake za riwaya zilikuwa dhaifu sana, aliniuliza, "Mwalimu, mbona hatusomi ushairi na mimi ndio naupenda?" Nilimjibu kwamba mimi ndiye nijuaye kitakachompa alama. Baadaye niligundua kuwa hakuhitaji kufunzwa mizani kwa muda mrefu. Alikuwa amekua akisikiliza nyatiti matangani, na sikio lake lilihesabu lenyewe. Kwa kweli inashangaza: tunawakaririsha wanafunzi uhuru wa mshairi, yaani inkisari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi, huku tukiwanyima uhuru wao wenyewe. Fasihi simulizi nayo hupuuzwa kwa kudhaniwa kuwa rahisi, ilhali mwanafunzi wa Rachuonyo ana sigana za nyanyake ambazo zingemfaa kama mifano.

Suala hili limepata uzito mpya. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza sekondari ya juu Januari 2026. Humo Kiswahili ni somo la lazima, lakini Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchaguliwa chini ya mkondo wa Sayansi za Jamii. Mwanafunzi anaweza kuiacha. Darasa tupu halitajazwa kwa amri ya mwalimu.

Kwa wale wa 8-4-4 ambao bado tunao, mimi nilianza ushairi walipokuwa katika Kidato cha Kwanza, shairi moja kila wiki, na mazoezi ya mtihani wangu wa ndani huwa na sehemu zote tano. Wenzangu hulalamika kwamba usahihishaji umekuwa mzito kwa kuwa kila karatasi ina mchanganyiko wake. Ni kweli, umekuwa mzito.