Abiria wa Magunia

Kwenye makaratasi, kupima kama vifaa vya ndege vinahimili mawimbi ya redio ni kazi isiyo na utata. Kifaa huingizwa katika chumba cha mwangwi, ambacho kuta, sakafu na dari yake ni chuma kitupu, mawimbi yasipate pa kutokea. Humo yanagonga na kurudi, huku bapa kubwa la chuma likizungushwa kidogo kidogo kuyavuruga. Kila likigeuka, palipokuwa na mawimbi makali hupoa na palipopoa hukolea. Mzunguko ukikamilika, kifaa kimeshapigwa kutoka pande zote bila mtu kukigusa.

Ila ndege nzima ya abiria utaiingiza chumba gani? Miaka ya 1990 wahandisi wa jeshi la majini la Marekani, kituo cha Dahlgren, Virginia, waliigeuza hoja: wakachukua ndege kubwa iliyostaafu na kuifanya yenyewe ndiyo chumba. Tumbo la ndege hiyo ni alumini, na mawimbi yakishaingia humo hutangatanga vilevile. Sijui mpango gani wa awali wa upimaji ungethubutu kuandika hivyo.

Ndege tupu nayo haisafiri. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Boeing walipotaka kujua Wi-Fi inavyosambaa vitini walihitaji abiria, na abiria hawatulii: mmoja akinyoosha mguu, vipimo vinabadilika. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilieleza ilivyopata suluhisho. Ndege ilijazwa viazi mbatata, kiasi cha kilo 9,000, magunia yamepangwa vitini safu kwa safu. Kiazi hunyonya na kurudisha mawimbi karibu sawa na mwili wa binadamu, tena hakiombi chai wala hakiendi msalani. Kwa mbinu yao mpya, upimaji uliokuwa ukila zaidi ya wiki mbili ukaisha kwa saa 10.

Lililoponyoka mipango ya upimaji lilikuwa kubwa kuliko viazi. Kifaa hupimwa peke yake, kikapewa cheti, kisha kikafungwa jirani na vingine ambavyo waliokipima hawakuvijua. Mafundi walipokuwa wakijaribu Wi-Fi katika Boeing 737, skrini zilizo mbele ya rubani zilicheza. Mwaka 2014 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza skrini za aina hiyo zibadilishwe katika ndege zaidi ya 1,300 za 737 na 777, ndani ya miaka mitano.

Kulikuwa na mashirika yaliyonung'unikia gharama: mbona hakuna skrini iliyozimika angani kwa sababu ya Wi-Fi? FAA haikulegeza kamba. Wi-Fi unaweza kuizima, lakini rada na simu za abiria nazo hutoa mawimbi, na simu moja iliyosahaulika mfukoni haisubiri tangazo la mhudumu.