Saiba Unatoka, PIN Inabaki

Siku kumi za mwisho wa Juni, saiba za Kitengela hujaa kama stejini jioni ya Ijumaa. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na wafanyakazi wa viwanda vya EPZ pale Athi River hushukia Kitengela na fomu ya P9, wengine ikiwa imekunjwa mfukoni, wengine ikiwa ndani ya simu. Katika msimu mmoja wa namna hiyo nilikaa kwenye saiba iliyo kando ya barabara ya Namanga, kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, kiti kikiwa bado na joto la aliyenitangulia. Nikafungua iTax, tovuti ya KRA ya kodi. Nilipobofya kisanduku cha PIN, yaani namba ya mlipa kodi, kabla sijaandika hata herufi moja, ikashuka orodha: PIN saba za watu nisiowajua, zote zikianza na A kama PIN za watu binafsi zilivyo. Udadisi ukanishinda nikachagua moja. Kisanduku cha nywila kikajaa vidoti chenyewe. Kilichobaki ni ile hesabu ndogo ambayo iTax humpa kila anayeingia.

Sikuijibu hesabu. Nilichofanya ni kuangalia historia ya kivinjari, na nikaikuta tupu. Kuna mtu aliyekuwa ameifuta, tena vizuri, kisha akaenda zake akiamini amesafisha nyumba.

Kosa hilo nalikuta kila mahali ninapofundisha matumizi ya kompyuta. Watu hudhani kivinjari kina daftari moja, kumbe kina kadhaa. Historia ni orodha tu ya kurasa ulizofungua. Kando yake kuna akiba ya picha na vipande vya kurasa, kuna yale uliyoandika kwenye fomu (jina, namba ya kitambulisho, PIN), kuna nywila ulizokubali zihifadhiwe, na kuna vidakuzi. Ukifuta orodha ya kurasa peke yake, umefuta jina la barabara uliyopita na kuacha funguo mlangoni.

Vidakuzi ndivyo wengi hawavielewi, kwa hiyo nivisemee kidogo. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alivibuni mwaka 1994 ili tovuti iweze kumkumbuka mteja kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Vifananishe na kibao chenye namba unachopewa unapoacha mfuko mlangoni mwa supamaketi. Mlinzi haulizi jina unaporudi. Anayeshika kibao ndiye mwenye mfuko. Ukifunga dirisha la barua pepe bila kutoka kwenye akaunti, kibao chako umekiacha mezani, na atakayekalia kiti hicho baada yako anaweza kuukuta mfuko wako wazi bila kuulizwa nywila.

Ukitaka kusafisha, shika Control, Shift na Delete kwa pamoja. Njia hiyo inafanya kazi kwenye Chrome, Firefox na Edge. Kisanduku kitakachofunguka kitakuuliza mambo mawili, na watu hujikwaa kwenye yote mawili. La kwanza ni muda: mara nyingi huwa umeshachaguliwa wa saa moja iliyopita, na kama ulikaa saa mbili ukipambana na mtandao unaokatika, nusu ya kazi yako itabaki. La pili ni aina za vitu. Kwenye Chrome, nywila na yale yaliyojazwa kwenye fomu hayafutwi mpaka uyatafute na kuyachagua mwenyewe. Hapo ndipo yule aliyenitangulia alipoishia njiani.

Sikushauri ufute kila kitu tangu mwanzo wa dunia. Kompyuta si yako. Utamtoa mhudumu kwenye WhatsApp yake na barua pepe yake ya kazi, na foleni nzima itajua kosa ni la nani. Chagua muda unaofunika kikao chako, basi.

Bora zaidi ni kutoandika chochote kwenye hayo madaftari. Control, Shift na N hufungua dirisha la hali fiche kwenye Chrome na Edge. Kwenye Firefox ni Control, Shift na P. Ukimaliza, funga madirisha yote ya namna hiyo, si hilo moja tu, na vidakuzi pamoja na historia ya humo hupotea. Ila usilipe sifa lisizo nazo. Mwenye saiba, mwenye mtandao na tovuti unazofungua bado wanaweza kukuona. Google yenyewe ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 na watumiaji waliodai iliendelea kukusanya taarifa zao humo ndani, na katika makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 ilikubali kuharibu rekodi nyingi. Na kama kuna programu iliyofichwa inayorekodi kila herufi unayobonyeza, hakuna dirisha litakalokuokoa. Kwa sababu hiyo, mambo ya benki mimi huyafanyia kwenye simu yangu.

Hali fiche pia haigusi faili ulizopakua. Fungua folda ya Downloads ya saiba yoyote uone: P9, vyeti vya KCSE, skani za vitambulisho mbele na nyuma, barua za kuomba kazi. Futa zako kwa Shift na Delete ili zisipumzike kwenye pipa la taka. Halafu kuna WhatsApp, maana siku hizi karibu kila kitu cha kuchapishwa hupitia huko. Kama uliskani msimbo ukaunganisha simu yako na kompyuta, ingia kwenye WhatsApp ya simu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uikate kompyuta hiyo kabla hujanyanyuka. Na kama ulituma kitambulisho kwa namba ya saiba, kipo kwenye simu yao na kwako hakuna cha kubonyeza. Omba wakifute mbele yako.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kudai data yako ifutwe pale ambapo anayeishikilia hana tena sababu ya kuwa nayo. Biashara ndogo, yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data. Saiba nyingi ziko hapo. Lakini kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna huyo iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Lililo gumu kuliko yote halimo ndani ya kompyuta. Tangu huduma za serikali zihamie kwenye tovuti ya eCitizen, mzee anayetoka upande wa Bissil kuja mjini Kajiado hulazimika kuwa na barua pepe hata kama hajawahi kuiandika. Mhudumu humfungulia, humchagulia nywila, huweka namba yake mwenyewe ya kurejesha akaunti ili mzee asisumbuliwe, kisha huandika yote kwenye daftari la kaunta asije akaulizwa mwezi ujao. Sioni nia mbaya hapo. Lakini mwenye namba ya kurejesha ndiye mwenye akaunti.

Mama mmoja niliyemwelekeza Kajiado alikuwa na daftari kama hilo mbele yake. Tulianza na simu yake: tukaweka namba yake kwenye akaunti, tukabadilisha nywila, akaichagua mwenyewe huku amenipa mgongo. Halafu akamgeukia mhudumu.

"Mwanangu, hiyo karatasi yenye jina langu nataka niende nayo."

"Mama, nyuma yake kuna watu wengine."

Akaomba kalamu. Akachora juu ya mstari wake, pole pole, mpaka karatasi ikatoboka.