Ufupi wa shayiri na siri ya mavuno yake

MKULIMA wa chai wa Boito, katika Kaunti ya Bomet, anajua vyema kwamba kimo cha mmea si kipimo cha mavuno. Mti wa chai ukiachwa huru huwa mrefu, na majani yake hayafikiki kwa mkono. Kwa sababu hiyo hukatwa kila baada ya miaka michache ili ubaki mfupi na uendelee kutoa majani machanga ya kuchuma.

Upande wa pili wa msitu wa Mau, katika nyanda za Mau Narok na Olokurto, suala lilo hilo huwakabili wakulima wa shayiri. Tofauti ni kwamba shayiri haikatwi kwa kisu ili iwe fupi. Ufupi wake hutoka hasa katika mbegu yenyewe, yaani katika jeni.

Shayiri ndefu ina adui wawili, nao ni mbolea na dhoruba. Ikipewa naitrojeni nyingi, mabua hurefuka na masuke huwa mazito. Upepo na mvua vikija, shamba zima hulala chini.

Shayiri iliyolala haijazi punje vizuri. Mashine ya kuvunia huacha masuke mengi ardhini, na punje zinazogusa udongo wenye unyevu huoza au huanza kuota zikiwa bado kwenye suke.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi nchini Kenya, ambako sehemu kubwa ya zao hili hulimwa kwa ajili ya kimea cha bia. Kimea si kitu kigeni kwa jamii ya Wakipsigis, ambao tangu jadi wameotesha wimbi kwa pombe ya kienyeji. Kanuni ni moja: punje iliyokwisha kuota shambani, au iliyokufa, haifai. Kiwanda hutaka punje zilizo hai, nono na zilizolingana ukubwa.

Mmea mfupi huweza kupewa mbolea zaidi bila kuanguka. Aidha, chakula ambacho kingetumika kujenga bua refu huelekezwa kwenye masuke. Katika aina nyingi za kisasa, punje hufikia karibu nusu ya uzito wa mmea wote ulio juu ya ardhi.

Ufupi huo unapatikanaje? Jibu limo katika homoni iitwayo jiberelini, ambayo huziamuru seli za bua zirefuke. Wajapani ndio walioigundua kwanza, pale Eiichi Kurosawa alipoonyesha mwaka wa 1926 kwamba kuvu inayoushambulia mpunga hutoa kitu kinachoifanya miche irefuke kupita kiasi.

Katika shayiri, jeni mojawapo ya kromosomu ya tatu hutoa kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza homoni hiyo. Jeni hiyo ikiharibika, homoni hupungua katika bua, na mmea hubaki mfupi kiasi. Wataalamu huiita hali hiyo sdw1, na aina yake moja maarufu hujulikana kama denso. Katika mpunga, jeni inayolingana na hiyo ndiyo iliyozaa aina fupi ya IR8, iliyotolewa nchini Ufilipino mwaka wa 1966.

Chanzo kikuu cha denso ni nchi iliyokuwa Chekoslovakia. Huko mbegu za aina ya Valtický zilipigwa kwa miale ya eksirei, na mwaka wa 1965 ikatolewa aina iliyoitwa Diamant. Ilikuwa fupi kuliko mzazi wake kwa takriban sentimita 15, na mavuno yake yalikuwa makubwa zaidi. Kizazi chake kimeenea katika mashamba ya Ulaya na kwingineko.

Uingereza nayo ilipata aina ya Golden Promise katika miaka ya 1960, baada ya mbegu za Maythorpe kupigwa kwa miale ya gama. Ufupi wake unatokana na jeni nyingine, ari-e, iliyo katika kromosomu ya tano. Kwa miaka mingi shayiri hiyo ilipendwa na watengenezaji wa wiski wa Scotland.

Jeni ya tatu, uzu, imetumiwa kwa muda mrefu huko Japani, Korea na China. Mwaka wa 2003 watafiti wa Japani walionyesha kwamba inatokana na badiliko la herufi moja tu ya maandishi ya urithi. Badiliko hilo huufanya mmea usiisikie barabara amri ya homoni nyingine ya ukuaji, hivyo bua huwa fupi na majani husimama wima, jambo linalowezesha kupanda kwa kusongamana.

Kutumia miale ili kupata mbegu mpya si jambo la ughaibuni pekee. Aina ya ngano ya Njoro BW1, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka wa 2001, ilipatikana kwa njia hiyo, ingawa lengo lake kuu lilikuwa kustahimili ukame.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Jeni za ufupi hazigusi urefu peke yake. Denso huongeza machipukizi ya shinani, na kwa hiyo idadi ya masuke, lakini huchelewesha kuchanua kwa siku kadhaa na mara nyingi hupunguza uzito wa punje. Ari-e hufupisha nywele za suke na kufanya punje ziwe ndogo.

Hapo ndipo mkulima wa mkataba anapoweza kuumia. Magunia yanaweza kuongezeka shambani, kisha punje nyembamba zikapita kwenye chekeche ya mnunuzi na kukataliwa. Vilevile, kuchelewa kwa siku chache ni jambo dogo pale mvua inapodumu, bali ni hasara pale inapokatika mapema kabla ya punje kujaa.

Yapo na mengine. Shayiri fupi hutoa mabua machache ya kulisha ng'ombe, na hushindwa kwa urahisi zaidi na magugu. Tena, masuke na majani yake yakiwa karibu na ardhi, matone ya mvua huyarushia vimelea vya magonjwa kwa wepesi.

Kasoro hizi si hukumu ya mwisho. Aina ya Triumph, iliyozalishwa Ujerumani Mashariki kutokana na ukoo wa Diamant, ilisifika kwa kimea bora. Ni kweli kwamba jiberelini huhitajika pia wakati punje inapooteshwa kuwa kimea, lakini zipo jeni nyingine zinazoitengeneza, hivyo upungufu katika bua haukuiharibu kazi hiyo. Wazalishaji wa mbegu walichagua, kizazi baada ya kizazi, mimea mifupi yenye punje nono.

Je, mkulima wa Boito anaweza kung'oa chai na kupanda shayiri fupi? Jeni hizi hazitamsaidia. Chai hupenda udongo wenye asidi, ilhali shayiri ni miongoni mwa nafaka zinazoumizwa mno na alumini inayoyeyuka katika udongo wa namna hiyo. Mizizi yake hudumaa, na mmea huwa mfupi kwa njaa, si kwa urithi. Isitoshe, shayiri huhitaji kipindi cha ukavu wakati wa kukomaa, na nchi ya chai hunyeshewa karibu mwaka mzima.

Kwa wanaoilima Mau Narok, Molo au Timau, funzo ni kwamba neno "fupi" kwenye sifa za mbegu halitoshi. Yafaa kuuliza mbegu hiyo hukomaa kwa siku ngapi, punje zake zina uzito gani, na imejaribiwa katika udongo na mvua za mahali gani. Majibu hayo yatafutwe kabla ya kutia sahihi mkataba, maana mbegu ikishaingia ardhini, jeni zake hazibadiliki hadi mavuno.