Tiba Tatu kwa Maradhi Mamoja

Katika matibabu ya saratani, maradhi ambayo seli za mwili huzaliana pasipo mpaka na kuvamia viungo vya jirani, njia kuu tatu zimetumika kwa muda mrefu: upasuaji, mionzi na dawa za kemikali zinazopita katika damu. Kila moja ina mahali pake pa kushindwa, kwani kisu hakizifikii seli zisizoonekana, mionzi huishia katika eneo ililolengewa, na dawa peke yake mara nyingi husinyaza uvimbe mkubwa bila ya kuumaliza. Ndiyo maana madaktari huziunganisha.

Kwa wakaazi wa Shumba, kaskazini mwa Pemba, mfano ulio karibu zaidi ni saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Ikigunduliwa mapema, upasuaji huweza kutosha. Lakini wagonjwa wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwishatambaa pembezoni mwa kizazi, hatua ambayo kisu hakina tena kazi kubwa. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ikitegemea majaribio makubwa matano, iliwahimiza madaktari wawape wagonjwa wanaohitaji mionzi dawa ya sisplatini kwa wakati mmoja, kwa kuwa muungano huo ulipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 30 hadi 50. Sisplatini, iliyotengenezwa kutokana na madini ya platini, hujeruhi vinasaba vya seli na kuizuia isijitengeneze baada ya kupigwa mionzi, hivyo dozi ndogo ya kila wiki kazi yake hasa ni kuinoa mionzi.

Utaratibu wenyewe ni mrefu. Mionzi ya nje hutolewa siku tano za wiki kwa muda wa wiki tano hivi, sisplatini mara moja kwa wiki, kisha hufuata mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa kupitia ukeni hadi penye uvimbe. Yote hayo yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki nane, kwa sababu seli zilizosalia huanza kuzaliana kwa kasi, na kila siku inayopotea baada ya hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe.

Kalenda hiyo ndiyo inayomlemea mtu wa kisiwani kuliko dawa zenyewe. Wagonjwa wa Zanzibar wamekuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Anayetoka Shumba hushuka kwa gari hadi bandarini, akavuka kwa boti hadi Unguja na kutoka huko hadi Dar es Salaam, kisha akahitaji malazi ya karibu miezi miwili pamoja na mtu wa kumuuguza. Anayerudi nyumbani katikati ya tiba kwa kuishiwa fedha hupoteza faida ya muungano wote, na kwa hiyo nauli na malazi vinastahili kuhesabiwa ndani ya tiba, wala si nje yake.

Lipo pia suala la tiba za nyumbani, ambazo wagonjwa wengi huziongeza kimyakimya. Kombe, yaani aya za Qur'ani zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya kunywa, pamoja na dua, havina ugomvi unaojulikana na mionzi. Miti shamba ni jambo jingine: sisplatini huumiza figo, ndiyo sababu mgonjwa hutundikiwa maji mengi siku ya dawa, na baadhi ya mizizi na majani huzielemea figo hizo hizo au ini. Mgonjwa hana budi kutaja kila anachokunywa, na daktari naye aulize bila ya kejeli kabla chupa ya kwanza haijatundikwa.